Springi ya kubeba mti wa mbele wa gari la farasi: je, itawafaa punda wangu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Babati. Nimeunda gari la magurudumu manne kwa ekseli za pikapu iliyochakaa. Ekseli ya mbele inageuka nzima juu ya pini ya katikati. Gari linavutwa na punda wawili, nabebea mahindi na maji. Mti wa mbele ni bomba la maji la inchi 3, urefu mita 3. Nyuma limeungwa kwa pini kwenye ekseli ili lipande na kushuka, na ncha yake imefungwa kwa mnyororo katikati ya nira. Punda wote wawili wametoka vidonda juu ya shingo. Nilipoinua ncha pamoja na nira kwa mizani ya kupimia magunia, ilisoma kilo 17. Nimeona picha ya gari la farasi la zamani la Marekani, chini ya mti wake pana springi na mnyororo, na maelezo yanasema springi hiyo ndiyo inayobeba uzito wa mti. Inafanyaje kazi, na naweza kuitengeneza hapa kwa fundi wa kuchomelea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umepima. Kwa kuwa umenipa hizo kilo 17, naweza kukujibu kwa hesabu badala ya kukisia. Springi uliyoiona ni ya kweli, inafanya kazi, na fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaweza kukutengenezea. Lakini ukiifunga kwenye gari lako kama lilivyo leo, vidonda vya punda wako havitapona. Nitaanza na springi kwa sababu ndiyo uliyouliza, kisha nikueleze kwa nini isiwe kitu cha kwanza kukitolea pesa.

Magari ya shamba ya Kimarekani, kama yale ya Studebaker waliofungua karakana yao mjini South Bend, Indiana, mwaka 1852, yalikuwa na mpangilio unaofanana na wako kuliko unavyodhani. Ekseli ya mbele iligeuka juu ya pini ya katikati. Kutoka kwenye ekseli hiyo ilitokeza mikono miwili mifupi ya mbao, na katikati yake ukaingizwa mti mrefu wa mbele na kufungwa kwa pini ya kulala, ili uweze kupanda na kushuka. Farasi walisimama mmoja kila upande. Kwenye ncha ya mti palikuwa na mti mkingamo mfupi, umening'inizwa kwenye kola za farasi wote wawili.

Zingatia jambo moja ambalo picha haionyeshi vizuri. Farasi wale hawakuvuta kwa ule mti. Walivuta kwa minyororo au mikanda iliyotoka kwenye kola, ikapita ubavuni, ikafungwa nyuma yao kwenye mti wa mizani, yaani mti wa kulala unaochezea pini moja katikati ili farasi mmoja asielemewe kuliko mwenzake. Mti wa mbele ulikuwa na kazi mbili tu: kuligeuza gari kushoto au kulia, na kulizuia lisiwapande farasi wakati wa kushuka mlima au kusimama. Katika kazi zote mbili hizo hauhitaji kuwa mzito, ila unahitaji kuwa mrefu na mgumu, na kitu kirefu na kigumu kina uzito wake.

Mti wa mwaloni wa mita tatu na nusu, wenye unene wa wastani wa sentimita 9 kwa 9, unapata kilo 20 hivi. Nyuma umeshikwa na pini, kwa hiyo pini inabeba karibu nusu na nusu nyingine inaangukia kwenye ncha. Ongeza mti mkingamo na vyuma vyake, tayari una kilo 12 au 13 zinazoning'inia shingoni mwa wanyama wawili, tangu asubuhi hadi jioni, hata gari likiwa tupu, hata likiwa limesimama.

Mafundi walijua njia nyingine: kuufanya mti usichezecheze kabisa. Mikono ile miwili ya ekseli ilirefushwa kwenda nyuma, ikaunganishwa kwa ubao unaosugua chini ya boriti ya katikati ya gari, na hapo mti ukawa unajishikilia wenyewe hewani. Magari mengi ya kifahari ya mjini yalikuwa hivyo, na katika barabara nzuri ni mpangilio mzuri sana. Shida huanza kwenye mashimo. Chukua gari lenye mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mti ukitokeza mita 3.2 mbele ya ekseli. Magurudumu ya mbele yakitumbukia shimo la sentimita 20, gari zima linainama, na ncha ya mti ule mkaidi inataka kushuka karibu sentimita 45 kwa mpigo mmoja, ikiwa na uzito wa mzigo wote nyuma yake. Shingo ya mnyama ndiyo inayopokea pigo hilo. Ndiyo maana magari ya shamba yalipendelea mti unaocheza kwenye pini, na ndiyo maana wewe pia ulifanya vema kuweka pini.

Basi fundi wa Marekani alikuwa kati ya mambo mawili. Mti unaocheza haupigi shingo, lakini unaning'inia. Mti usiocheza hauning'inii, lakini unapiga. Springi ilikuja kukaa katikati ya hayo mawili. Kuanzia miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wanyama kazi bado walikuwa wengi kuliko matrekta mashambani, wavumbuzi wengi walisajili hataza, yaani haki za uvumbuzi, za vifaa vya namna hii. Vinatofautiana kwa sura tu, maana wazo ni lilelile. Kingine kilikuwa pande la chuma lililopinda, limefungwa chini ya mti na mkia wake ukikandamiza ekseli. Kingine kilikuwa springi ya koili yenye mnyororo, upande mmoja umeshika mikono ya ekseli na upande wa pili umeshika mti mbele kidogo ya pini. Nadhani hicho ndicho ulichokiona. Vingine viliurefusha mti nyuma ya pini kidogo, kisha springi ikauvuta mkia huo chini ili ncha ipande.

Mashine za kuvunia nafaka, ambazo mti wake ulielemewa zaidi, hazikutegemea springi peke yake. Nyingi ziliwekewa kigari kidogo cha magurudumu mawili chini ya mti, kikabeba uzito wote, farasi wakabaki na kuvuta tu. Nakutajia hilo ili ujue kwamba watu wale, wenye farasi wa kilo 700 au 800, waliona inafaa kugharamia kifaa cha kuwapunguzia kilo kumi shingoni. Punda wetu ana kilo 120, labda 150 akiwa mkubwa. Kilo 17 zako, zikigawanywa kwa wawili, kwake ni mzigo wa aina nyingine kabisa.

Sasa utendaji wake, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu hapa ndipo springi nyingi za kienyeji zinapoharibikia.

Springi iko karibu na pini, uzito uko mbali. Ncha yako iko mita 3 kutoka kwenye pini. Ukitaka kuondoa kilo 5 kwenye ncha kwa springi iliyoko sentimita 30 kutoka kwenye pini, springi hiyo lazima ivute kilo 50, maana mkono wake wa nguvu ni mfupi mara kumi. Hilo mafundi wengi wanalielewa. Wanaloshindwa kuelewa ni la pili: springi haitoi nguvu ileile muda wote. Mwanasayansi wa Kiingereza Robert Hooke aliliandika tangu mwaka 1678: kadiri unavyoivuta springi, ndivyo nguvu yake inavyoongezeka. Mti wako hautulii mahali pamoja. Punda wakipanda tuta wakati gari bado liko bondeni, ncha inapanda. Wakishuka mtaro, inashuka. Katika barabara zetu za vijijini hesabu sentimita 30 juu na 30 chini bila kushangaa.

Chukua springi ngumu inayobeba zile kilo 5 mti ukiwa usawa, lakini kwa kuwa ni ngumu imevutika kidogo tu kufikia nguvu hiyo. Ncha ikipanda sentimita 30, springi inalegea kabisa na punda wanabeba mti wote kama zamani. Ncha ikishuka sentimita 30, springi inavutika maradufu na zaidi, nguvu yake inaweza kupita uzito wa ncha, na mti ukaanza kusukuma juu. Mnyama anayeshuka mtaroni anasukumwa koo kutoka chini, mahali penye bomba la hewa. Hiyo ni mbaya kuliko kuning'inia. Punda mwenye akili atakataa kushuka mtaro tena, na mwenye gari atamchapa akidhani ni mkaidi.

Dawa yake ni springi laini iliyovutwa sana, badala ya ngumu iliyovutwa kidogo. Zote mbili zinaweza kutoa nguvu ileile mti ukiwa usawa. Lakini ile laini, kwa kuwa tayari imevutika sentimita 20, ukiiongezea au kuipunguzia sentimita 6 haibadiliki sana. Ukikumbuka sentensi hiyo moja, mengine yote utayapanga mwenyewe.

Na usiondoe uzito wote. Acha kilo 2 au 3 kwenye ncha. Mti usio na uzito wowote unarukaruka, na gari likianza kusukuma kwenye mteremko mti mkingamo unapanda, unaburuta mikanda juu kuelekea kooni. Tena ukiwafungua punda, mti ulioinuliwa kupita kiasi unaweza kuruka na kumpiga mtu usoni. Mti uliorekebishwa vizuri unainuliwa kwa vidole viwili, lakini ukiuachia unashuka wenyewe, polepole.

Springi ina faida nyingine ambayo kwangu ina thamani kuliko kupunguza uzito. Ajali mbaya kuliko zote za magari haya ni ncha kuchomoka kwenye mti mkingamo wanyama wakiwa mbioni. Mti unaanguka, unachoma ardhi, na gari lenye mzigo linapanda juu yake na kupinduka. Springi na mnyororo wake vinauzuia mti usifike chini. Kwa sababu hiyo peke yake ningeifunga hata kama punda hawana kidonda.

Isichoweza kufanya ni kuzuia mti kupiga pembeni. Gurudumu moja la mbele likigonga jiwe, ekseli inageuka ghafla na ncha inachapa bega la punda wa upande ule. Springi inabeba juu na chini tu. Haisaidii kuvuta, wala haisaidii kusimamisha gari.

Sasa turudi kwako. Umesema vidonda viko juu ya shingo. Mahali kidonda kilipo panakuambia chanzo chake. Kingekuwa mbele ya bega, ningeshuku kola au mkanda usiokaa sawa wakati wa kuvuta. Kingekuwa ubavuni mwa bega, ningeshuku mti unaochapa. Kikiwa juu ya shingo, pale penye manyoya ya kusimama, kitu kinakandamiza kwenda chini, na kwako kitu hicho ni nira.

Mwanangu, nira ni ya ng'ombe. Maksai wa kienyeji ana nundu, na mbele ya nundu ana shingo nene yenye misuli. Nira inakaa pale na anaisukuma kwa nguvu zake zote. Punda hana nundu. Shingo yake ni nyembamba, mfupa uko karibu na ngozi, na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani na mabegani. Ukimwekea nira, kila anapovuta mbao inasaga mfupa, na uzito wa bomba unaikandamiza izidi kusaga. Springi ingekutoa kwenye kilo 17 ikakufikisha labda 8, lakini msago wa kuvuta ungebaki palepale. Ndiyo maana nimesema havitapona.

Kwa hiyo anza na namna ya kuvutia. Tengeneza kwa kila punda mkanda wa kifuani, upana usiopungua vidole vinne, wa turubai nzito iliyokunjwa au mkanda wa lori, ndani umewekewa gunia safi au blanketi kuukuu. Ukae kwenye kiungo cha bega, chini ya bomba la hewa na juu ya mahali mguu unapoanza kutembea. Ushikiliwe na mkanda mwingine unaopita juu, mbele ya mgongo. Kutoka kwenye mkanda wa kifuani vuta kamba au minyororo miwili kupita ubavuni hadi kwenye mti wa mizani ulioko karibu na ekseli. Kila punda awe na kijiti chake, vijiti viwili vikafungwe kwenye ncha za mti mmoja mrefu unaochezea bolti katikati. Sasa punda wanavuta gari kutoka kwenye ekseli, na mti wa mbele hauna tena kazi ya kuvuta. Hapo tu ndipo gari lako linakuwa na mpangilio ule ambao springi ya Marekani ilibuniwa kwa ajili yake.

La pili, punguza uzito kabla ya kuubeba. Bomba la maji la inchi 3 lina kilo 8 hivi kwa mita, kwa hiyo lako ni kilo 25, na nusu yake iko kwenye ncha. Lingefaa kubeba gari zima, nawe unalitumia kulielekeza tu. Tafuta mti wa mkaratusi uliokauka vizuri, ulionyooka, usio na ufa, kipenyo chake wastani wa sentimita 8, mnene nyuma na mwembamba mbele. Utakuwa na kilo kumi na kidogo, na kwa kuwa wembamba uko mbele, kwenye ncha utahisi kilo 5 tu. Mti mkingamo wa mbao utakaochukua nafasi ya nira, na mikanda ya turubai badala ya minyororo, kilo 3. Umetoka 17 ukafika 8 bila springi yoyote. Ukishindwa kupata mti mzuri, bomba la inchi 2 nalo linafaa, kilo 5 kwa mita.

Baada ya hapo ndipo springi iingie kuondoa kilo 5 na kubakiza 3.

Fundi wako wa kwanza atakuletea springi ya shokapu ya bodaboda. Ikatae, na ya pikapu ikatae zaidi. Zimeundwa kubeba uzito mkubwa kwa kubonyea kidogo, na tumeshaona ugumu huo unamfanyia nini mnyama mtaroni. Mimi ningetumia mpira wa tyubu ya lori, vipande vilevile ambavyo vijana wa baiskeli hufungia mizigo. Unavutika sana kwa nguvu ndogo, unapatikana kila kijiji, na ukikatika haurushi chuma.

Chomelea nguzo ya bomba la mraba la inchi moja na nusu, urefu sentimita 80, isimame juu ya pini ya mti, na uiwekee mhimili mmoja wa kuegemea nyuma. Nguzo hii lazima ishike kwenye ile sehemu ya ekseli inayogeuka. Ukiifunga kwenye bodi la gari, kila ukikata kona mpira utauvuta mti upande mmoja na punda wa ndani atachapwa. Geuza ekseli kwa mkono hadi mwisho, kushoto na kulia, uone kwamba nguzo haigongi bodi wala miguu ya mwendeshaji. Kwenye mti, mita moja mbele ya pini, funga kishikio. Mpira utoke juu ya nguzo hadi kwenye kishikio hicho.

Kwa vipimo hivyo mpira unatakiwa uvute kilo 24 hivi. Ukiwa umevutika sentimita 20 kupata nguvu hiyo, ncha ikipanda au kushuka sentimita 30 msaada wake unabadilika kwa kilo moja na nusu tu. Yaani shingoni uzito utachezea kati ya kilo moja na nusu na nne na nusu, na mti hautasukuma juu hata mara moja. Huna haja ya kutafuta springi yenye kipimo maalumu: kata vipande vya upana sawa, ning'iniza mizani kwenye ncha ikiwa katika kimo cha kazi, halafu ongeza kipande kimoja kimoja mpaka mizani isome kilo 3.

Ukitaka chuma kwa sababu mpira unaharibiwa na jua, na kweli unaharibiwa, tafuta springi ndefu ya kuvuta, yenye koili nyingi na waya mwembamba, au pande moja tu refu na jembamba la springi za gari dogo, lisiwe fungu zima. Kipimo ni kilekile: isiwe chini ya sentimita 15 za kuvutika au kupinda mti ukiwa usawa.

Pembeni mwa mpira weka mnyororo uliolegea, urefu wake ukiishia pale ncha inapokuwa sentimita 40 juu ya ardhi. Siku mpira utakapokatika, au ncha itakapochomoka, mnyororo ndio utakaookoa gari, punda na wewe mwenyewe. Huu si wa hiari.

Hata zile kilo 3 zilizobaki kuna namna ya kuziweka mahali pazuri. Katika majimbo ya New England kaskazini-mashariki mwa Marekani, wenye farasi walizoea mikanda ya kuvutia ambayo pete yake kubwa ya chuma yenye umbo la herufi D hukaa ubavuni, ikaunganishwa na tandiko dogo la mgongoni, hivyo uzito wa mti unapanda mgongoni badala ya kukaa shingoni. Ni wazo zuri kwa punda. Mshonee kila punda mito miwili midogo ya gunia lililojazwa nyasi laini au sufi, kila mmoja upande wake wa uti wa mgongo, uti wenyewe usiguswe na kitu, na mkanda wa kubebea mti mkingamo utoke hapo.

Babati kuna miteremko, kwa hiyo siwezi kumaliza bila breki. Gari lenye jumla ya kilo 500 kwenye mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi linasukuma kwa nguvu ya kilo 50, ukitoa kidogo kinachopotea kwenye magurudumu. Nguvu hiyo yote inapita kwenye mti wa mbele na kuishia kwa punda. Mwekee kila punda mkanda mpana nyuma ya mapaja, chini ya mkia, uunganishwe na mti mkingamo ili azuie kwa makalio. Na kwa kuwa ekseli zako ni za pikapu, breki za ngoma huenda bado zimo ndani. Rudisha ya nyuma ifanye kazi kwa kebo na mkono. Ni gharama ndogo kuliko punda.

Kwa wasomaji wenye mikokoteni ya magurudumu mawili, springi hii haiwahusu. Kwenu uzito wa ncha unatokana na mzigo wenyewe. Kilo 500 zikikaa sentimita 10 tu mbele ya ekseli, ncha ya mita 3 inapata karibu kilo 17. Sogezeni magunia nyuma mpaka ncha ibaki na uzito kidogo sana.

Vidonda vyenyewe havipakwi dawa huku kazi ikiendelea. Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, fukuza nzi, na wapumzishe wote wawili mpaka ngozi mpya ifunge na manyoya yaanze kuota. Kikitoa usaha au kikivimba, mwite afisa mifugo. Najua maji lazima yafike nyumbani, lakini punda aliyefungwa juu ya kidonda kibichi atakulipisha msimu mzima. Tumia muda huo kushona mikanda.

Wakishapona na kila kitu kimefungwa, pima ncha katika vimo vitatu: kimo cha kazi, sentimita 30 juu yake na sentimita 30 chini yake. Cha kazi kisome kilo 2 hadi 3. Cha juu kisizidi 5. Cha chini kisifike sifuri. Kikifika, mpira wako ni mfupi au mgumu mno, basi urefushe kabla hujawafunga punda. Rudia kipimo hicho kila mwezi, maana mpira hulegea, na ukiona nyufa ndogondogo kwenye ukingo badilisha vipande vyote kwa pamoja.